Ramani ya bidhaa imekuponyoka? Namna ya kuirudisha mkononi bila kugombana na wadau

Ramani ya bidhaa ni mpango unaoonyesha timu itatengeneza nini na kwa mpangilio gani. Ikikuponyoka, dalili zake zinajulikana. Mhandisi anaisikia tarehe ya toleo jipya kutoka kwa mteja kabla ya kuisikia kwa meneja wake. Muuzaji ameahidi kitu ambacho hakuna aliyewahi hata kukichora. Ramani iliyopitishwa mwanzoni mwa robo mwaka haifanani tena na kazi zinazoendelea, na meneja wa bidhaa amegeuka karani wa kupokea maagizo: leo ya mauzo, kesho ya fedha, keshokutwa ya mkurugenzi aliyeona programu ya washindani akiwa safarini.

Wengi wakifika hapo hukimbilia kujifunza kusema "hapana". Sishauri kuanzia huko. "Hapana" ya mtu asiye na takwimu wala wa kumuunga mkono ni kelele tu, na mdau mwenye cheo ataipita pembeni aende kwa mhandisi moja kwa moja. Timu hupoteza ramani kwa sababu maombi yanaonekana kama hayana gharama: anayeomba haoni kinachoondolewa ili chake kiingie. Hatua zote zilizo hapa chini zina kazi hiyohiyo ya kuiweka gharama mezani, mbele ya wote, kabla uamuzi haujafanyika. Zifuate kwa mpangilio. Zitachukua kama robo mwaka, na mbili za mwanzo ndizo zenye jasho.

Hatua ya 1: Kusanya ahadi zilizokwisha kutolewa

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi za bidhaa ni hivyohivyo. Kabla ya kuigusa ramani, jua nani anadai nini. Pitia mikataba, barua pepe za mauzo, slaidi walizoonyeshwa wateja, makundi ya WhatsApp na kumbukumbu za vikao vya menejimenti. Kisha waendee wahandisi na umuulize kila mmoja: "Miezi miwili iliyopita umefanya kazi gani ambazo hazimo kwenye ramani?" Uliza kwa upole. Wengi walikuwa wanasaidia tu, na wakihisi wanashtakiwa hutapata orodha kamili.

Weka kila ahadi kwenye jedwali moja: maneno yenyewe yaliyotumika, aliyeahidi, aliyeahidiwa, tarehe, na kitakachotokea isipotimizwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokufungua macho. Tuseme mstari mmoja unasomeka hivi: ripoti za mauzo kwa kila tawi, ameahidi mkuu wa mauzo, mteja wa pili kwa ukubwa, mwisho wa Juni, mteja ana haki ya kuvunja mkataba. Mstari unaofuata: rangi mpya za dashibodi, ameagiza mkurugenzi, hakuna tarehe, hakuna kitakachotokea. Kwenye ramani ya zamani mistari hiyo miwili ilikaa bega kwa bega, yote imeandikwa "kipaumbele cha juu".

Ukimaliza, zigawe ahadi mafungu manne: zilizowekwa na sheria, zilizo kwenye mkataba, zilizotamkwa kwa mdomo, na zile ambazo kumbe ni matumaini ya mtu. Ahadi ni deni, ila madeni hayalingani. Mafungu mawili ya kwanza huna ujanja nayo. La tatu linajadilika, na hapa kuna jambo ambalo timu nyingi hulikosea: anayerudi kwa mteja kujadili upya awe yuleyule aliyeahidi. Msaidie maneno, mpe tarehe unayoweza kuisimamia, hata kaa naye kwenye simu, lakini usiibebe wewe. Ukiibeba mara moja, utazibeba zote.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya foleni

Kuna kanuni ya foleni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961, na haijali kama foleni ni ya watu benki au ya maombi kwenye mfumo wenu: wastani wa muda wa kusubiri ni idadi ya vilivyomo kwenye foleni, gawanya kwa kasi ya kuvimaliza. Maombi yakiwa 120 na timu inamaliza 6 kwa mwezi, ombi linaloingia leo litasubiri miezi 20, kama kila lililotangulia litafanyiwa kazi. Na kama kila mwezi yanaingia mapya 10, foleni inakua kwa maombi 4 kila mwezi hata timu isipolala.

Namba ya kumaliza ichukue kwenye historia. Usiitoe kwenye matumaini. Hesabu mlichokitoa kweli miezi mitatu au minne iliyopita, pamoja na likizo, hitilafu za usiku na vikao. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika tangu mwaka 1979 kuhusu tabia ya binadamu kupanga kana kwamba safari hii hakutakuwa na kikwazo. Wahandisi nao ni binadamu, na mameneja wao zaidi.

Hesabu hii ina matumizi mawili. La kwanza ni kuionyesha kwa wadau, maana hoja ya "timu imezidiwa" hupingwa kirahisi, lakini 120 gawanya kwa 6 haipingwi. La pili ni kufuta. Ombi lililokaa miezi sita bila mtu kuliulizia, lifute, umwandikie aliyelileta mistari miwili kwamba limefutwa na kwamba anaweza kulileta upya. Utashangaa ni wangapi hawatajibu. Usiogope kwamba jambo la maana litapotea. Tatizo la kweli la mteja hurudi lenyewe, tena likiwa na sauti kubwa kuliko mwanzo.

Hatua ya 3: Waone wadau mmoja mmoja

Usiitishe kikao kikubwa bado. Kikao kikubwa cha mapema ni jukwaa, na kwenye jukwaa kila mtu hutetea idara yake. Anza na orodha ya wadau, na kwa kila mmoja jiulize mambo mawili: ana uwezo gani wa kusimamisha kazi, na bidhaa inamgusa kiasi gani. Wenye uwezo mkubwa na wanaoguswa sana uonane nao ana kwa ana. Wenye uwezo mkubwa lakini wasioguswa sana, mfano mkuu wa fedha au wa sheria, wanataka taarifa fupi isiyowashtua. Wanaoguswa sana lakini hawana cheo, kama vijana wa huduma kwa wateja, ndio hazina inayosahaulika: wanajua ni kitufe gani kinachopigiwa simu kila siku.

Kwenye mazungumzo hayo usiulize "unataka nini kwenye ramani?" Utapewa orodha, na umeshajifunga kuitimiza. Uliza anapimwa kwa nini mwaka huu, nini kinamnyima usingizi, na kwa kila ombi lake: lisipofanyika, nini kitatokea na lini? Swali la "lini" lina nguvu kuliko linavyoonekana. Hivi ndivyo linavyofanya kazi kati ya mkuu wa mauzo na meneja wa bidhaa:

"Dada, yule mteja wa bima anataka wafanyakazi wake waingie kwenye mfumo kwa akaunti za kampuni yao. Bila hiyo hasaini."

"Sawa kaka. Kasema mwenyewe, au ni sisi tumehisi?"

"Afisa wao wa usalama kaniambia."

"Wanasaini lini?"

"Robo ijayo. Ila nimeshamwambia tutakuwa nayo mwezi ujao."

"Hapo kwenye mwezi ujao ndipo penye shida. Wanaitaka iwe inafanya kazi siku ya kusaini, au wanataka uhakika kwamba itakuwepo wakianza kutumia?"

"Wakianza kutumia, nadhani. Na hawaanzi mpaka miezi mitatu baada ya kusaini."

"Basi muulize afisa wao kama barua yetu yenye tarehe, iliyosainiwa na mkuu wa uhandisi, itamtosha kwa sasa."

Ombi lililoingia mlangoni kama moto limetoka likiwa na nafasi ya karibu miezi sita, na hakuna aliyekataliwa. Mazungumzo ya namna hii ndiyo sehemu kubwa ya kazi nzima. Majedwali yanasaidia, lakini asiyeweza kukaa na mkuu wa mauzo nusu saa akamuuliza maswali matano bila kumkera hataokolewa na jedwali lolote.

Hatua ya 4: Pateni lengo kabla ya orodha

Ukishawaona wote, utakuwa na picha ya yale yanayogongana. Mwendee mkuu wa kampuni na rasimu ya malengo mawili, yasizidi matatu, ya miezi sita ijayo. Yaandikwe kama mabadiliko kwa mteja au kwa biashara, si kama kazi. "Kutengeneza ukurasa mpya wa kujisajili" ni kazi. "Mteja mpya amalize kujisajili mwenyewe bila kupiga simu" ni lengo, na linapimika kwa kuhesabu simu. Tofauti hiyo inaipa timu nafasi ya kutafuta njia, na inakupa wewe kipimo cha kupimia kila ombi linalokuja.

Mkuu akubali kwa maandishi, kisha atangaze yeye. Asipotangaza yeye, malengo yatabaki kuwa yako.

Hatua ya 5: Jengeni mlango mmoja wa maombi

Maombi yote yapite sehemu moja, ya mkurugenzi yakiwemo. Fomu iwe na maswali manne tu: tatizo ni lipi, linamkumba nani, ushahidi ni upi, na kuna tarehe isiyosogea? Suluhisho lisiulizwe. Fomu ikizidi dakika tano kuijaza, watu watarudi kwenye korido na jumbe za saa nne usiku, na hutakuwa na haki ya kuwalaumu.

Kwa upande wenu, toeni ahadi moja na muishike: kila ombi litajibiwa ndani ya siku tano za kazi. Jibu liwe ndiyo, si sasa, au hapana, pamoja na sababu ya mistari miwili. Wadau wengi huvumilia "hapana" yenye sababu. Kinachowafanya wazunguke mlango ni ukimya.

Wahandisi nao wawe na sentensi ya kujibia wakiombwa pembeni: "Nitalifurahia hilo, lipitishe kwenye fomu ili lisipotee." Kwa kijana mgeni anayeombwa na mkuu wa idara, sentensi hiyo ni kinga. Mkuu wa uhandisi aseme wazi mbele ya wote kwamba ndiye aliyeiagiza.

Hatua ya 6: Pangeni kwa vipimo, lakini msiviabudu

Kuna vipimo vingi. Viwili vinatosha kuanzia. Cha kwanza ni RICE, kilichotoka kampuni ya Intercom: idadi ya watu watakaofikiwa, zidisha kwa ukubwa wa athari, zidisha kwa uhakika mlionao, gawanya kwa miezi ya kazi ya mtu mmoja. Ripoti mpya inayogusa watumiaji 2,000 kwa robo mwaka, yenye athari ya 1, uhakika wa asilimia 80 na kazi ya miezi 2, inapata 800. Ule uunganishaji wa akaunti za mteja wa bima, unaogusa watu 40, athari 3, uhakika asilimia 50, miezi 3, unapata 20.

Je, ina maana uunganishaji utupwe? Hapana. Kipimo hiki hakioni thamani ya mkataba mmoja mkubwa. Kazi yake ni kumlazimisha anayetaka kuipindua alama aseme sababu kwa sauti: "Una alama 20, lakini mkataba wake unalipia mishahara ya timu nzima." Hiyo ni hoja halali. "Nimezungumza na mtu muhimu" si hoja.

Cha pili ni MoSCoW, kilichobuniwa na Dai Clegg mwaka 1994 alipokuwa kampuni ya Oracle, kinachogawa kazi kuwa za lazima, za kufaa, za kupendeza na zisizo za safari hii. Tatizo lake linajulikana na kila aliyekitumia: mbele ya wadau, kila kitu ni cha lazima. Dawa ni kuweka kikomo kabla ya kugawa. Mwongozo wa DSDM, mbinu ya kuendesha miradi inayotumia kipimo hiki, unashauri kazi za lazima zisizidi asilimia 60 ya nguvu za timu. Mkishakubaliana juu ya kikomo hicho, anayetaka kuongeza la lazima achague lipi lishuke.

Kwenye upangaji huu usisahau deni la kiteknolojia, ule msamiati aliouanzisha mtaalamu wa programu Ward Cunningham mwaka 1992, yaani gharama ya baadaye ya njia za mkato zilizochukuliwa wakati wa kutengeneza mfumo. Wadau hawatalinunua likiitwa "kusafisha msimbo". Liseme kwa lugha yao: sehemu hii ya mfumo imeanguka mara ngapi, imechelewesha matoleo mangapi, na kila badiliko linalopita hapo linachukua siku ngapi zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ila mwenye pesa anataka kwanza auone ufa wenyewe.

Hatua ya 7: Andikeni ramani upya, kwa safu tatu

Ondoeni kalenda ya miezi kumi na miwili yenye visanduku vya rangi. Wekeni safu tatu: Sasa, Inayofuata, Baadaye. Mpangilio huu ulienezwa na Janna Bastow, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya ProdPad, na uzuri wake ni ukweli wake. Kilicho kwenye Sasa mnakijua kwa undani na kina watu. Kilicho kwenye Inayofuata mnajua tatizo, hamjui suluhisho kamili. Kilicho kwenye Baadaye ni dhamira, kinaweza kufutwa bila kikao cha maombolezo. Kila kimoja kiandikwe na lengo linalokibeba. Kisicho na lengo hakina safu.

Mauzo na fedha watalalamika kwamba hakuna tarehe, na wana hoja. Wekeni mstari wa pembeni kwa yale machache yenye tarehe isiyosogea. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, GDPR, ilipitishwa 2016 na ikaanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Hakuna timu iliyoweza kuomba wiki mbili zaidi. Kazi za aina hiyo na za mikataba zipewe tarehe, na zipangwe kurudi nyuma kutoka siku yenyewe. Nyingine zote zipewe kipindi tu, na kipindi hicho kiwe kirefu kadiri mnavyoijua kazi kidogo.

Hatua ya 8: Kikao cha mwezi, na kanuni ya kubadilishana

Sasa ndipo wadau wakae pamoja, dakika 45, mara moja kwa mwezi. Ramani na maombi mapya yatumwe siku mbili kabla. Ajenda: lengo limesogea kiasi gani, demo fupi ya kilichokamilika, kisha mabadiliko. Demo isiachwe, mdau aliyeona kitu kinafanya kazi huwa mvumilivu zaidi kuliko aliyesomewa asilimia.

Kwenye mabadiliko kuna kanuni moja: kikiingia kimoja kwenye Sasa, kinatoka kimoja. Anayependekeza kiingie ndiye anayetaja kinachotoka, na mwenye kile kinachotoka awepo chumbani. Mara nyingi mabishano yanayofuata ni kati ya mauzo na huduma kwa wateja, wala timu ya bidhaa haihitaji kufungua mdomo. Hiyo ni dalili kwamba mambo yamekaa pazuri, kwa sababu mzozo huo ulikuwepo siku zote, ila zamani ulipiganwa migongoni mwa wahandisi.

Wakishindwa kuelewana, anaamua meneja wa bidhaa. Mwongozo wa Scrum, utaratibu wa timu kufanya kazi kwa awamu fupi, hauachi shaka hapa: mwenye bidhaa (kwetu ni meneja wa bidhaa) ni mtu mmoja, si kamati, na ili afanikiwe kampuni nzima lazima iheshimu maamuzi yake. Uamuzi uandikwe siku hiyohiyo: tumeamua nini, nini kimetoka, nani alikuwepo. Asiyekuwepo na lake halipo, mpaka mwezi unaofuata.

Dharura

Andikeni mapema dharura ni nini: mfumo umezimika, data za wateja zinavuja, fedha zinahesabiwa vibaya, sheria inavunjwa. Kuhitimu ni kwa orodha. Ukubwa wa herufi kwenye ujumbe hauhesabiki. Tengeni sehemu ya nguvu za timu kwa ajili hiyo, moja ya tano ni mahali pazuri pa kuanzia, na muirekebishe kwa mnachokiona. Mwezi ukipita bila dharura, muda huo uende kwenye deni la kiteknolojia, wala usigeuzwe akiba ya maombi ya dakika za mwisho.

Kazi ikichelewa, kuna atakayependekeza kuongeza wahandisi katikati ya njia. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi, kwa sababu wageni wanafundishwa na walewale waliokuwa wanafanya kazi. Kinachopunguzika kwa usalama ni ukubwa wa kazi. Nendeni kwa mdau na toleo dogo la alichoomba, litoke kwa wakati, lingine lifuate.

Mvunja utaratibu akiwa mkuu mwenyewe

Itatokea. Amekubali malengo, ametangaza, kisha wiki ya tatu anamwita mhandisi ofisini na kumpa kazi. Usimpinge mbele ya watu, na usinyamaze pia. Siku hiyohiyo mwandikie mistari mitatu: "Mkuu, ombi lako la uchambuzi wa wateja tumelipokea. Likiingia sasa litachukua wiki tatu za watu wawili, na usajili wa wateja wapya utasogea mpaka mwezi ujao. Tuendelee hivyo, au liingie kwenye kikao cha tarehe 4?" Hujamkatalia. Umempa chaguo lenye bei, na atakachochagua kitakuwa na jina lake.

Wakati mwingine atasema muendelee, na atakuwa sahihi, kwa sababu anajua jambo ambalo wewe hulijui. Tekelezeni, mbadilishe ramani waziwazi, na wadau wengine waarifiwe kilichotoka na aliyeamua. Lakini akifanya hivyo mara tatu ndani ya robo moja, acha kurekebisha ramani. Rudi kwenye hatua ya 4, naye peke yake, umuulize kama yale malengo mawili bado ni yaleyale. Mara nyingi yamebadilika kichwani mwake tangu kikao cha bodi kilichopita, na wewe ndiye wa kwanza kumuuliza.